Sheria za ugaidi na mikataba ya kimataifa: ni nani alitulazimisha kufanya nini?

1. Uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo chukua chai kwanza. Kila mjadala wa runinga ukigusa ugaidi, utasikia sentensi mbili. Wa upande wa serikali atasema: "Hizi sheria ni matakwa ya mikataba ya kimataifa, hatuna la kufanya." Wiki inayofuata korti ikimwachilia mshukiwa, mtu yule yule anasema: "Hii mikataba ya haki za binadamu ni ya wazungu, inatufunga mikono." Upinzani nao unageuza sentensi hizo kichwa chini. Leo tunaangalia historia yenyewe. Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji chama wala mwanasiasa. Mtanishukuru baadaye.

2. Wacha niseme mapema ninaposimama, msije mkanichimba. Tarehe 7 Agosti 1998 shangazi yangu alikuwa kazini katika jengo moja karibu na ubalozi wa Marekani, Nairobi. Mlipuko mdogo ulisikika kwanza, na kama watu wengi siku hiyo, akaenda dirishani kuchungulia. Bomu kubwa likafuata. Alipoteza jicho la kushoto. Watu 213 walikufa Nairobi na wengine 11 Dar es Salaam. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini nimekua nikimwona akigeuza shingo nzima ili aone anayemwita. Kwa hivyo usiniambie nawapenda magaidi.

3. Sasa twende nyuma zaidi. Neno "gaidi" halikuingia Kenya mwaka wa 1998. Lilikuwa hapa tangu enzi ya ukoloni. Oktoba 1952 serikali ya Mwingereza ilitangaza hali ya hatari, na katika karatasi zake wapiganaji wa Mau Mau walikuwa magaidi. Kanuni za hali ya hatari ziliongeza makosa ambayo adhabu yake ni kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa Februari 1957, shtaka lililompeleka huko lilikuwa kupatikana na bastola.

4. Hapa ndipo mikataba inaingia kwa mara ya kwanza, na watu wengi hawajui. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuridhia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Mwaka wa 1953 ikatangaza kwamba mkataba huo unafika hadi kwenye makoloni yake, Kenya ikiwemo. Mwaka uliofuata, 1954, ikaandika barua nyingine ya kusema kwamba kwa sababu ya hali ya hatari, Kenya isihesabiwe katika baadhi ya masharti. Yaani tulipewa haki kwa mkono wa kulia, zikachukuliwa kwa mkono wa kushoto. Kambi za kizuizini ziliendelea kujaa.

5. Uhuru ulipokuja, tabia hiyo haikuondoka na bendera. Sheria ya Kudumisha Usalama wa Umma ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 1966 na kuruhusu watu kuzuiliwa bila kufikishwa kortini. Kaskazini Mashariki iliishi chini ya kanuni zake maalum za usalama hadi mwaka wa 1991. Katikati ya kipindi hicho, Februari 1984, ndipo Wagalla ilipotokea. Mtu wa Wajir akisikia "sheria maalum ya usalama", hasikii kile kile anachosikia mtu wa Nyeri ama Kisii. Hiyo si siasa, ni kumbukumbu.

6. Na wakati huo wote Kenya ilikuwa imejiunga na mikataba. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 tulijiunga nao mwaka wa 1966. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ule unaosema mtu asikamatwe ovyo na akikamatwa afikishwe mbele ya jaji upesi, tulijiunga nao mwaka wa 1972. Mkataba wa kupinga mateso, 1997. Shida ilikuwa moja: chini ya katiba ya zamani, mkataba haukuwa sheria ya nyumbani hadi Bunge litunge sheria ya kuutekeleza. Kwa hivyo ilikaa kabatini. Ukienda kortini na mkataba mkononi, hukuwa na uhakika kama jaji atausikiza.

7. Turudi 1998. Hatukuwa na sheria ya ugaidi. Tulikuwa na makosa ya mauaji, vilipuzi na njama. Washukiwa wawili waliokuwa mikononi mwa Kenya walikabidhiwa Wamarekani mwezi huo huo wa Agosti, bila kesi ya kuwakabidhi kusikizwa hapa. Kesi yao ilisikizwa New York mbele ya baraza la wazee wa korti, wakiwa na mawakili. Mwaka wa 2001 washtakiwa wanne walifungwa maisha. Shikilia hilo: kesi ya wazi, mawakili, ushahidi, na bado hakuna aliyetoka.

8. Mmoja wa hao wanne, Mtanzania, alikuwa amekamatwa Cape Town mwaka wa 1999 na kupewa Wamarekani haraka haraka. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema serikali ilikosea: huwezi kumkabidhi mtu kwa nchi inayoweza kumnyonga bila kwanza kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Uamuzi ulitoka mshukiwa akiwa tayari Marekani. Hakuachiliwa, lakini pia hakuhukumiwa kifo. Alifungwa maisha. Kumbe inawezekana: serikali ikemewe na gaidi afungwe, yote mawili katika kesi moja.

9. Tarehe 11 Septemba 2001 tunaijua. Tarehe 28 mwezi huo huo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1373. Hili ndilo azimio ambalo wanasiasa wanalitaja bila kulisoma. Lilipitishwa chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kwa hivyo linafunga kila nchi mwanachama, iwe imelitia sahihi ama la. Lilitaka kila nchi ifanye ufadhili wa ugaidi kuwa kosa la jinai, izuie pesa za magaidi, isiwape hifadhi, na iripoti kwa kamati ndani ya siku 90. Kwa hivyo anayesema "tulilazimishwa" hasemi uongo mtupu. Ana nusu ya ukweli.

10. Nusu nyingine ni hii: azimio 1373 halikusema ugaidi ni nini. Hakuna hata mstari mmoja wa maana ya neno lenyewe. Umoja wa Mataifa una mikataba na itifaki 19 kuhusu ugaidi, ya kwanza ikiwa ya 1963 kuhusu makosa ndani ya ndege, na kila mmoja unashughulikia kitendo maalum: kuteka ndege, kuteka watu, mabomu, pesa. Mkataba mmoja mkuu wa kueleza ugaidi kwa jumla umejadiliwa kwa zaidi ya miaka 20 na haujakamilika, kwa sababu nchi hazikubaliani nani ni gaidi na nani ni mpigania uhuru. Maana yake ni kwamba kila serikali iliambiwa: fanya ugaidi kuwa kosa, na maana utajazia mwenyewe. Hicho ndicho kidirisha ambacho mambo mengi yamepitia.

11. Lakini fungua mikataba yenyewe. Ule wa 1997 wa mabomu, Kifungu cha 14: anayeshikiliwa lazima atendewe haki, kulingana na sheria za kimataifa za haki za binadamu. Ule wa 1999 wa ufadhili, Kifungu cha 17: vivyo hivyo. Ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Algiers mwaka wa 1999, Kifungu cha 22: hakuna chochote humu kinachopunguza haki za Mkataba wa Afrika. Na Kifungu chake cha 3 kinasema mapambano ya watu ya kujikomboa kutoka kwa ukoloni si ugaidi. Waafrika walioandika hicho walikuwa wakikumbuka walivyoitwa wao wenyewe.

12. Ndiyo hoja yangu ya uzi huu wote, wacha niiweke wazi: kila mkataba wa ugaidi una kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unasema mkamateni. Ukurasa wa pili unasema mtendeeni haki. Ziko ndani ya jalada moja na zilitiwa sahihi siku moja. Kwa miongo kadhaa serikali zetu, za rangi zote, zimesoma ukurasa wa kwanza na kuuita wajibu, halafu zikasoma wa pili na kuuita ukoloni mamboleo.

13. Tazama 2003. Novemba 2002 hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, Wakenya 10 na Waisraeli 3 wakafa, na ndege ya abiria ikarushiwa makombora Mombasa siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata ukatoka Mswada wa Kukomesha Ugaidi. Ndani yake kulikuwa na kifungu kuhusu mavazi: ukivaa kitu hadharani kwa namna inayozua shaka kwamba wewe ni wa kundi la kigaidi, umefanya kosa. Kilifanana sana na kifungu cha sheria ya Uingereza ya mwaka wa 2000. Sasa fikiria mzee wa Kibokoni na kanzu yake anakisoma vipi. Azimio 1373 halikutaja kanzu popote.

14. Mswada huo uliunganisha watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja: mashirika ya haki, viongozi wa Kiislamu, wanasheria, hata viongozi wa makanisa. Ulikwama. Jaribio la pili mwaka wa 2006 nalo likakwama. Na hapa kuna jambo dogo ambalo hunifanya nitabasamu: mwaka huo huo wa 2003 ambapo serikali ilileta mswada wa kupiga marufuku makundi ya kigaidi, ndio mwaka ilipoondoa marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyokuwepo tangu 1950. Miaka 40 ya uhuru, na kisheria mashujaa wetu walikuwa bado chama haramu. Hivyo ndivyo orodha hudumu. Kuandikwa ni siku moja, kufutwa ni miaka 53.

15. Tuwe wakweli pia: serikali ilikuwa na hoja. Mwaka wa 2005 korti za Nairobi ziliwaachilia washukiwa waliohusishwa na Kikambala kwa sababu ushahidi haukutosha. Hatukuwa na sheria nzuri ya pesa za ugaidi wala ya mafunzo ya kigaidi. Ukiwa afisa wa upelelezi, unaona mtu akijiandaa na huna shtaka la kumpa. Pengo lilikuwepo. Swali ni liliziba vipi wakati halikuwa limezibwa na sheria.

16. Lilizibwa kwa ndege. Januari na Februari 2007, watu waliokuwa wakikimbia vita Somalia walikamatwa karibu na mpaka na Nairobi. Makumi kati yao walipakiwa kwenye ndege wakapelekwa Somalia, na wengi wakaishia jela za Ethiopia. Miongoni mwao kulikuwa na wanawake, watoto na raia wa Kenya. Hakukuwa na kesi ya kuwakabidhi. Walioomba korti iwalete mbele ya jaji waliambiwa watu wao hawako tena nchini. Serikali ikitoa raia wake nje ya nchi usiku, huo si utekelezaji wa mkataba wowote niliousoma.

17. Agosti 2010 Katiba mpya. Kifungu cha 2(6): mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kabati likafunguliwa. Kifungu cha 49: ukikamatwa, ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Kifungu cha 25 kinaorodhesha mambo ambayo hayawezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na amri ya korti ya kuletwa mbele ya jaji. Hakijasema "isipokuwa kwa magaidi". Tulipiga kura tukakipitisha sisi wenyewe, kwa hivyo hiyo maneno ya "haki za wazungu" mwaka huo iliisha nguvu.

18. Mtihani ukaja mara moja. Julai 2010 mabomu yalikuwa yameua zaidi ya watu 70 Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Wakenya kadhaa wakavushwa mpaka kupelekwa Uganda. Septemba 2010 Mahakama Kuu Nairobi ikasema waziwazi, katika kesi ya mmoja wao, kwamba kumtoa nchini namna hiyo kulivunja sheria. Lakini uamuzi ulimkuta mtu ameshavuka. Kama Cape Town vile. Jaji huandika hukumu, gari la polisi linakwenda kasi kuliko kalamu.

19. Mwaka wa 2012 hatimaye tukapata Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Ilipitishwa na serikali ya muungano, kwa hivyo karibu kila kambi ya leo ina mtu aliyekuwa mezani siku hiyo. Ilikuwa bora kuliko ya 2003. Kifungu cha mavazi hakikurudi. Mshukiwa anaweza kuzuiliwa kwa uchunguzi, lakini kwa amri ya korti, na jumla isizidi siku 90. Kusikiliza simu kulihitaji amri ya Mahakama Kuu. Na maana ya ugaidi ilitoa nafasi kwa maandamano na migomo: kuvuruga huduma ukiandamana si ugaidi, mradi hukukusudia kuumiza watu, kuhatarisha maisha ama usalama wa umma, wala kuharibu mali vibaya. Kumbuka hiyo "mradi". Tutairudia.

20. Halafu ikaja miaka mibaya. Septemba 2013, Westgate, watu 67. Juni 2014, Mpeketoni, zaidi ya 60. Novemba 2014, basi la Mandera, 28. Siku chache baadaye, wachimba mawe 36 huko huko Mandera. Katikati, Aprili 2014, msako mkubwa ulianzia Eastleigh na maelfu wakashikwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Nchi ilikuwa na hofu na hasira. Ndani ya hofu hiyo, Desemba 2014, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama yaliyogusa zaidi ya sheria 20 kwa mpigo mmoja. Mnakumbuka kikao chenyewe: karatasi zikiraruliwa, maji yakimwagwa, ngumi zikirushwa. Rais alitia sahihi siku iliyofuata.

21. Upinzani na tume ya taifa ya haki za binadamu wakaenda kortini. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wakafuta vifungu vinane. Kimoja kilikuwa kinamtoza mtu hadi shilingi milioni 5 ama kifungo cha miaka 3 kwa kuchapisha picha ama habari zinazoweza kuleta hofu. Soma tena, halafu fikiria ukurasa wako mwenyewe siku ya shambulio. Lakini korti haikufuta kila kitu. Kifungu kilichopanua uwezo wa vyombo vya usalama kusikiliza mawasiliano kilibaki. Kwa hivyo ukisikia "korti inapendelea magaidi", jibu ni kwamba ilipima kifungu kimoja kimoja.

22. Kifungu ninachokipenda kufundishia wenzangu ni kile cha wakimbizi. Kilisema Kenya isiwe na wakimbizi zaidi ya 150,000. Wakati huo tulikuwa na zaidi ya nusu milioni. Sasa hesabu: ili ufike 150,000, hao wengine wanakwenda wapi? Majaji walisema kitu hicho kingemaanisha kuwarudisha watu kwenye hatari waliyoikimbia, jambo ambalo mkataba wa 1951 unakataza, na kwa sababu ya Kifungu cha 2 cha Katiba, katazo hilo ni sheria yetu. Mwaka wa 2017 hoja kama hiyo ilizuia agizo la kufunga kambi ya Dadaab. Sahihi ya 1966, iliyolala miaka 44, ikaamka na kufanya kazi.

23. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148, wengi wao wanafunzi kama mimi. Siku chache baadaye serikali ikachapisha kwenye gazeti lake rasmi orodha ya watu na mashirika 86 wanaoshukiwa kuhusishwa na ugaidi, akaunti zao zikafungwa. Ndani ya orodha hiyo kulikuwa na Haki Africa na MUHURI, mashirika ya haki za binadamu ya Pwani yaliyokuwa yakiuliza kuhusu vijana wanaotoweka. Juni 2015 Mahakama Kuu Mombasa ikasema hakuna ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi, na Novemba akaunti zikaamriwa zifunguliwe. Miezi saba bila pesa. Kufunga akaunti za magaidi ni wajibu kweli chini ya azimio 1373. Kumfungia anayekuuliza maswali si wajibu wa mtu yeyote.

24. Na je, sheria ya 2012 inafanya kazi ikitumiwa vizuri? Ndiyo. Mwaka wa 2019 watu watatu walifungwa kwa Garissa, mmoja maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Mwaka wa 2020 wawili walifungwa kwa kuwasaidia washambuliaji wa Westgate, mmoja miaka 33, mwingine 18. Kulikuwa na ushahidi, mashahidi, mawakili wa utetezi. Wengine katika kesi hizo hizo waliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Hivyo ndivyo tunajua waliofungwa hawakuokotwa barabarani tu.

25. Sasa tufike 2025, kwa sababu najua ndicho kilichowaleta hapa. Baada ya maandamano ya Juni na Julai, vijana kadhaa walifikishwa katika korti ya Kahawa, ile ya kesi za ugaidi, wakihusishwa na uchomaji wa majengo. Rafiki yangu wa tangu shule ya upili pia alijikuta na karatasi ya mashtaka yenye hilo neno. Sitaongea kuhusu hatia ya mtu, hiyo ni kazi ya korti. Naongea kuhusu neno.

26. Rudi kwenye ile "mradi". Sheria inasema kuharibu mali vibaya kwa nia ya kuishurutisha serikali kunaweza kuwa ugaidi. Kwa hivyo mwendesha mashtaka ana pa kushika. Lakini kuchoma jengo ni kosa tayari katika Kanuni ya Adhabu, tena kosa zito. Kwa nini uchague neno lingine? Kwa sababu neno hilo linakuja na siku 90, dhamana ngumu, kifungo cha hadi miaka 30, na jina ambalo halitoki hata ukiachiliwa. Nenda ukatafute kazi ama visa baada ya hapo. Azimio 1373 halikuacha pengo ili lijazwe na kijana wa maandamano, lakini pengo halichagui anayeingia.

27. Kwa hivyo mjadala ujao, ukisikia "mikataba inatulazimisha", uliza: mkataba upi, kifungu kipi, na kile cha kumtendea mshukiwa haki mmekisoma? Ukisikia "mikataba inatufunga mikono", uliza: ni kesi gani imeanguka kwa sababu ya mkataba, na si kwa sababu ya uchunguzi mbovu? Na ukisikia upinzani ukisema "sheria yote ya ugaidi ifutwe", uliza: basi mfadhili wa shambulio la kesho mtamshtaki kwa nini, na mbona 2012 mlipokuwa mezani hamkusema? Maswali haya hayana chama.

28. Wiki jana nilimsomea shangazi rasimu ya uzi huu, maana kusoma skrini kunamchosha. Nilipofika sehemu ya ndege za 2007 akanisimamisha. Akauliza, "Hao waliopakiwa, walikuwa na jambo na bomu letu?" Nikamwambia wengi hawakushtakiwa kwa chochote. Akanyamaza, akasema, "Basi walinifanyia nini mimi?" Nimekuwa nikisoma siasa miaka mitatu na sijui mhadhara uliouliza vizuri zaidi. Waliofungwa New York walimpa jibu. Wale wa ndegeni hawakumpa chochote.

29. Mwisho wa uzi. Kama nimekosea tarehe ama kifungu, nisahihishe hapa chini na risiti, nitarekebisha. Kama unakubali, mtumie mtu mmoja anayebishana nawe kwenye matatu. Wiki ijayo tunaangalia hali ya hatari katika Katiba, Kifungu cha 58: nani anaweza kuitangaza, kwa siku ngapi, na Bunge lina kura gani. Mkae salama.